Amplifaya Tatu Nyuma ya Pazia

Alhamdulillahi, na tena alhamdulillahi. Msinione naanza kwa shukurani mkadhani nimekuwa mcha Mungu ghafla. Nimetua mzigo tu. Tangu mfungo ulipoisha nilikuwa nao kifuani, na sikujua nitautua wapi. Leo nimeamka, nimepika, nimegombana na muuza samaki kama kawaida yangu, na moyo wangu mweupe. Kaeni niwaeleze.

Mimi ni Hadia, mpishi wa hapa Lamu. Mwenye harusi, mwenye hitima, mwenye wageni wa Shela wanaotaka pilau ya kweli, wote huja kwangu. Jiko langu liko juu darini, ambako moshi hauudhi mtu. Mume wangu ni Jeilani, na hapa mtaani wamwita Mwalimu Jeilani kwa sababu ndiye afundishaye tajwidi madrasani, yaani kuisoma Kurani kila herufi ikapata haki yake. Na ana masikio huyo mtu, msiseme! Mtoto yuko safu ya nyuma kabisa, amevuta mahali pasipovutwa, na yeye huku mbele ameshainua kidole. Masikio ndiyo kazi yake, ndiyo heshima yake mjini. Basi fikirini hali yetu tulipodhani yanakwisha.

Baada ya kazi yake, kitu akipendacho zaidi ni mashine zake za kusikilizia. Mimi nijiweke nafasi ya ngapi sijui, sijauliza. Ana spika mbili za mbao, zanifika kiunoni, alizoachiwa na Mzungu mmoja aliyehama Shela, na ana amplifaya ya transista, chuma kizito chenye mapezi ubavuni ya kutolea joto. Huifuta vumbi kwa kitambaa laini ambacho mimi siruhusiwi kukigusa. Kila Ijumaa asubuhi hufungulia Suratul Kahf kwa sauti ya msomaji mmoja wa zamani wa Misri. Kisomo hicho amekisikiliza tangu hana ndevu. Anajua hata pale msomaji anapovuta pumzi.

Sasa, baada ya mfungo akaanza kulalama.

"Hadia, njoo usikilize. Sini haina mluzi."

Mimi nina unga mpaka kwenye viwiko. "Haina nini?"

"Mluzi! Sini, swadi, zai, herufi hizi zina mluzi wake. Umekwenda wapi?"

"Umekwenda sokoni, utarudi," nikamwambia, nikapanda zangu juu. Kusema kweli mimi sikusikia tofauti yoyote. Mtu anayeshinda na mashine ya kusagia nyanya atasikia mluzi wa sini?

Akaongeza sauti. Ijumaa iliyofuata akaongeza tena. Ikafika hadi jirani wa tatu akanisimamisha kichochoroni akaniuliza kama siku hizi twawasomea na watu wa Manda, kisiwa cha ng'ambo.

"Ni amplifaya," Jeilani akakata shauri. "Imezeeka. Hewa ya chumvi imeingia ndani."

Hapo ndipo wakatuingilia mabingwa wawili. Wa kwanza ni kaka yangu Mahdi, mwenye duka la simu na vyombo vya umeme, mdomo mrefu kuliko duka lenyewe. Wa pili ni Shekhan, rafiki wa Jeilani tangu wakitolewa miba ya samaki, fundi umeme wa mahoteli ya Ras Kitau. Watu hawa wawili hawapatani hata juu ya sukari ya chai. Walipoambiwa amplifaya ya Jeilani imechoka, kila mmoja aliona mlango umefunguliwa.

Mahdi akaja na ya klasi D, kitu chepesi, ukubwa wa mkebe wa biskuti. Alikishika kwa mkono mmoja makusudi tuone.

"Hii haipati moto na haili umeme," akasema. "Hilo jabali lako, shemeji, nusu ya umeme lageuza kuwa joto. Hii yakata umeme vipande vipande, yawasha na kuzima mara laki kadhaa kwa sekunde, halafu yavilainisha mwisho. Nguvu yote yaenda kwenye spika."

Shekhan yeye akaleta ya valvu. Ililetwa na punda kutoka gatini, imeviringishwa kwenye godoro, na wanaume wawili waliishusha wakiguna. Vichupa vya kioo juu, vikipata moto vinawaka wekundu wa makaa. Niseme haki, ilikuwa nzuri kuitazama. Nilitamani kuinjikia kahawa.

"Hii ndiyo sauti," akasema Shekhan. "Valvu yaongeza utamu. Yampa msomaji kifua."

"Yaongeza! Umesema mwenyewe!" Mahdi akaruka. "Amplifaya haitakiwi kuongeza kitu. Itoe ilichopewa, ikiwa kubwa zaidi, basi. Huo utamu wako ni uchafu uliopikwa vizuri."

"Na hiyo yako kavu, kama mkate wa juzi."

"Kavu ndiyo kweli!"

Wakaendelea hivyo hadi nikawapitishia sambusa pembeni mwa pazia wanyamaze. Na sambusa nazo wakazibishania. Wakawa wanakuja kila alasiri, wanachomoa, wanachomeka, na Mahdi daima akiiweka yake juu kidogo, kwa sababu ajua vizuri kwamba sauti iliyo kubwa kidogo kila mtu huiona ndiyo bora. Shekhan akagundua. Nusura washikane mashati ukumbini mwangu.

Ila Jeilani hakubishana. Alikaa kwenye kiti chake, akasikiliza ya transista, ya valvu, ya klasi D, na kila moja akitikisa kichwa. Mluzi hakuna. Nikaona siku hadi siku anazidi kunyamaza, na Jeilani akinyamaza nyumba yote huingia baridi.

Siku moja akanipandia jikoni, jambo ambalo hulifanya akiwa na njaa au na msiba. Akaketi juu ya gunia la mchele.

"Hadia, si amplifaya. Amplifaya tatu, kila moja na umbo lake, zote haziwezi kuwa na ugonjwa mmoja." Akajigusa sikio. "Ni mimi."

Nikaacha mwiko. Nikamwambia asilete mikosi.

"Nisikilize. Unamjua babangu alivyomaliza?"

Nilijua vipande vipande. Siku ile akanieleza yote. Babake naye alikuwa mwalimu, madrasa ile ile, kiti kile kile. Masikio yakamwacha taratibu na hakuna mtu aliyemwambia. Watoto wakawa wanasoma wanavyotaka, wanarukia aya, wanatia na maneno ya mchezo, na mzee akiitikia kwa kichwa, "Ahsanta, ahsanta," vyema, vyema. Barazani watu wakicheka. Aliyejua wa kwanza alikuwa mkewe, Bi Mwanaarabu, mavyaa wangu. Alikuwa akisimama nyuma ya pazia la ndani na kikombe mkononi akimwita polepole, "Mwalimu, kahawa i tayari." Mzee hageuki. Amwite tena, hageuki. Basi bibi arudi na kahawa yake, ipoe, aimwage. Hakumwita kwa nguvu, maana hakutaka watu wa nje wajue. Jeilani alikuwa mtoto, ameketi pembeni na ubao wake wa kuandikia, na alikuwa akiyaona hayo kila siku.

"Mimi sitangoja wanicheke," akasema. "Ijumaa baada ya alasiri kuna kikao cha walimu. Nitawaambia watafute mwalimu mwingine. Na kwenye mashindano ya Maulidi nao wasiniweke jaji."

"Nenda Mombasa ukapimwe kwanza!"

"Nikapimwe nikaletewe habari ninayoijua?"

Nilimfokea. Nilimwita mkaidi, nilimwita mwoga, na nikamwambia gunia lile ni la watu wa harusi aondoke juu yake. Alipoteremka nikalia mpaka vitunguu vikaungua. Niliogopa, na niseme tu, niliogopa sana. Jeilani bila darasa lake ni nani? Angekaa barazani na kofia yake, anatazama watu wakipita, umri wake bado?

Na chini, katikati ya yote hayo, alikuwako Bi Mwanaarabu mwenyewe. Alikuwa akikaa Kiunga kwa bintiye, na baada ya mfungo akahamia kwetu. Mimi na mavyaa wangu twapendana kwa mbali, na mbali yenyewe ni ngazi mbili. Yeye ana chetezo chake na chupa yake ya mafuta ya udi, na tangu aje hakuna kitu ndani ya nyumba hii ambacho hakikufukizwa. Mashuka yamefukizwa. Paka amefukizwa. Niliyanyamazia, maana kunukia si dhambi.

Basi Alhamisi, siku moja kabla ya kikao, Mahdi na Shekhan wakaja na azma ya kumaliza ubishi wao. Wafanye mashindano ya haki, amplifaya zifichwe, watu wasikilize bila kujua ni ipi inalia, kila mtu aseme. Jeilani akakubali. Mimi nilijua kwa nini. Alikuwa akitaka kuagana na mashine zake.

"Nani atabadilisha nyaya?" akauliza Mahdi.

Wote watatu wakageuka kutazama pazia la ndani. Mimi niko nyuma yake, kama siku zote Shekhan akiwako ukumbini. Hata bila ya amplifaya nafasi yangu ilikuwa pale pale.

Zikapangwa juu ya meza ndefu, upande wangu. Ya Jeilani huku mwanzo karibu nami, ya Mahdi katikati, ya Shekhan kule mwisho maana ilihitaji nafasi ya kupumua. Nyaya za spika zikapitishwa chini ya pazia. Shekhan akapima sauti ya kila moja kwa simu, akavibandika vifundo vya sauti kwa utepe zisizidiane. Hapo nilimpa heshima yake.

"Bi Hadia, jambo moja tu," akasema kutoka upande wa pili. "Hiyo ya valvu nimeiacha ipate moto, isikae sana bila nyaya za spika, itaungua."

"Na yangu usichanganye nyekundu na nyeusi, dada," Mahdi akadakia.

"Na usiguse vichupa, vina moto."

"Na usivute waya, shika plagi."

Yallah! Mimi ninayepikia watu mia nne nisiungue, nafundishwa kutoshika moto. Nikasema labeka, labeka, na hasira ikanipanda taratibu.

Likabaki swali la kisomo. Aya haikatwi katikati, hilo hata Mahdi alilikubali. Kwa hiyo ikaamuliwa kila mashine isome aya nzima, msomaji anaposimama Jeilani asimamishe, waseme "badilisha," na mimi nibadilishe.

Aya ya kwanza ikapita kwenye mashine ya Jeilani. Nzuri. Msomaji akasimama.

"Badilisha!"

Sasa sikilizeni. Mimi kuna mteja mmoja, bwana mkubwa, aliyekuwa akiapa kwamba anajua samli ya ng'ombe kwa harufu tu, na kila nikimpikia anirudishie sahani. Siku moja nikampakulia sahani mbili kutoka sufuria moja. Akaila ya kwanza akakunja uso, akaila ya pili akafumba macho kwa utamu. Tangu siku ile wanaume wanaojua sana huwapima hivyo. Nikaishika plagi, nikaichomoa, nikahesabu moyoni, nikairudisha mahali pale pale. Sikugusa mashine nyingine yoyote.

Aya ya pili ikalia.

"Aaah!" Shekhan akapiga paja. "Hiyo ndiyo valvu, jamani! Mwasikia alivyopata kifua?"

"Yasikika," Mahdi akasema kwa uchungu. "Imevimba kidogo, lakini yasikika."

Nikajiziba mdomo kwa leso. Badilisha! Nikachomoa, nikarudisha pale pale.

"Sasa hii ndiyo yangu," akasema Mahdi. "Safi! Kama dirisha lililooshwa."

"Kavu," akasema Shekhan. "Nimekwambia. Koo la msomaji limekauka."

Nilikuwa nacheka hadi machozi, na nilikuwa na hamu ya kutoka niwaaibishe. Halafu nikamsikia Shekhan akiuliza kwa upole, upole ule wa kumsemesha mgonjwa, "Na wewe, Mwalimu, waonaje?"

"Ni ile ile," akasema Jeilani.

"Ile ipi?"

"Ya kwanza. Zote ni ile ya kwanza. Haikubadilika kitu."

Kicheko kikanitoka mwilini. Nilijua wanatazamana. Nilijua wanafikiri nini, na huenda yeye alikuwa amewaambia au wamekisia wenyewe.

"Mwalimu," Mahdi akasema, na kaka yangu huyo sijapata kumsikia akisema polepole, "hizi zilikuwa mbali sana moja na nyingine."

"Hazikuwa. Na nyaya hazikuhamishwa." Jeilani alisema kwa uchovu, kama mtu asiye na haja ya kushinda. "Valvu iko mwisho wa meza. Angeifuata, bangili zake zingekwenda kule. Bangili za Hadia hazikutoka mahali pamoja."

"Bangili gani?" akauliza Shekhan.

"Alizovaa."

"Mimi sikusikia bangili."

"Hata mimi," akasema Mahdi.

Nikaitazama mikono yangu. Nina bangili nyembamba za dhahabu, za mahari, nyembamba kama uzi, hata mimi mwenyewe nimeshasahau kwamba zinalia. Na pazia lile la ndani ni zito, la kitambaa mara mbili, mama yake Jeilani alilishona mwenyewe. Nikasimama pale kama niliyepigwa. Mtu anayesikia bangili zangu nyuma ya pazia lile, tena spika zikiwa zimenyamaza tu punde hivi, atakosaje kusikia sini ya msomaji anayesoma kwa nguvu zote mbele ya uso wake?

Nikajifunika leso vizuri, nikalitupa pazia pembeni, nikatoka. Shekhan akaruka kwenye kiti.

"Sikubadilisha!" nikasema. "Sikubadilisha hata mara moja! Valvu yenyewe imekaa kule mwisho yaota moto bure. Nyinyi mabingwa mmesikia kifua, mmesikia dirisha, mmesikia koo limekauka, na ni mashine moja! Aliyesikia sawa humu ndani ni mmoja tu!"

Shekhan ndiye aliyekumbuka. "Bi Hadia," akasema kwa hofu, "ile valvu... imewaka muda wote huu bila ya nyaya za spika?"

Yalaiti! Akakimbia kuizima. Haikuungua, Mungu ni mkubwa, ilikuwa haijapitishiwa sauti yoyote.

Mimi sina habari naye. Nilikuwa nimemshika Jeilani bega, na mbele ya watu, aibu niliiweka kando. "Wewe husikii, wewe? Wasikia bangili! Masikio yako mazima! Ukisema mluzi haupo, basi haupo kweli. Umepotea kwenye vyombo!"

"Lakini amplifaya ni tatu," akasema Jeilani.

"Na spika ni zile zile," Mahdi akasema taratibu. Halafu akajipiga kipaji. "Spika ni zile zile! Siku zote hizi twabadilisha jiko na chungu ni kimoja!"

Shekhan akapiga magoti mbele ya spika ya kulia, akaibandua nguo yake ya mbele. Chini kuna koni kubwa ya sauti nzito. Juu kuna twita, kitufe cha hariri laini kilichovimba kidogo, chembamba kama ngozi ya kitunguu, na hicho ndicho kinachotoa sauti zote nyembamba, mluzi na vyote. Sasa kile cha kwetu kilikuwa cheusi, kinang'aa, kimeshika vumbi na masizi hadi kimekuwa na ukoko. Mahdi akakigusa kwa kidole, kidole kikanata.

"Nini hii, asali?" Akanusa. Akanusa tena. Akanigeuzia kidole.

Sikuhitaji kunusa mara mbili. Mafuta ya udi.

Na kwa bahati, au kwa mpango wa Mola, Bi Mwanaarabu alikuwa akishuka ngazi na chetezo chake. Akatukuta wanne tumeinamia spika.

"Mbona mwaivua nguo yake?" akauliza.

"Mama," Jeilani akasema, "ni nani aliyepaka mafuta hapa?"

"Mimi." Bila wasiwasi wowote. "Kurani yatoka humo. Mgeni tu akiingia nyumbani twampaka mafuta, itakuwa maneno ya Mola? Si wewe ulonionyesha, siku ile nalokuya kutoka Kiunga? Ukaniambia, mama, sauti nyembamba zote zatoka kwenye kitufe hiki. Basi kila Ijumaa kabla hujafungulia, napaka kidogo, nafukiza, naondoka."

Mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi. Nilikuwa na maneno tayari, ya tangu mfungo, ya paka na ya mashuka. Lakini bibi akakiweka chetezo chini, akaendelea kabla sijafungua mdomo.

"Hapo mwanzo ilikuwa Ijumaa tu," akasema. "Kisha nikaona waongeza sauti. Kila juma waongeza. Babako alianza hivyo hivyo, mwanangu. Alianza kwa kuongeza redio. Nikaogopa. Sikumwambia mtu. Nikawa napaka kila siku mkiwa nje, nasoma na dua juu yake, namuomba Mungu asiyatwae masikio yako na yeye."

Maneno yangu yote yakanirudi tumboni. Kumbe tulikuwa watatu nyumba moja, kila mtu amejifungia na hofu ile ile, hakuna anayemwambia mwenzake. Na yeye hofu yake ilikuwa ikiongeza mafuta, mafuta yakiongeza hofu.

"Mama," akasema Jeilani, "masikio yangu hayana kitu. Ni mafuta."

Ilikuwa wazi kwamba bibi hakuamini. Alishaambiwa maneno kama hayo zamani, na mtu mwingine, kwa miaka.

Mahdi akatoka mbio, kanzu kaishika mkononi, na si mara nyingi utamwona mwenye duka akikimbia Lamu. Akarudi na vispika viwili vya plastiki, vya kuuzia watoto wa shule, vyepesi utadhani havina kitu ndani. Wakavichomeka kwenye amplifaya ya Jeilani, jabali lile lile lililosingiziwa uzee. Jeilani akafungulia.

Sauti nzito haikuwako kabisa, vispika vile vingeitoa wapi? Lakini sini! Hata mimi niliisikia, mimi wa nyanya na mashine. Ilitoka kali, safi, ikapita ukumbini kama uzi unaopita tundu la sindano. Jeilani alisimama. Aya ilipokwisha akaelekea kibla akaanguka sijida ya shukurani, pale pale juu ya nyaya. Alipoinuka ndevu zilikuwa zimerowa. Shekhan akajifuta macho, akasema moshi wa chetezo unamuudhi.

Ijumaa kikaoni Jeilani hakusema neno la kuacha, isipokuwa kuuliza majaji wa Maulidi watakaa wapi, maana yeye ataka kiti cha mbele. Twita mpya zinatoka Mombasa, zitafika kwa ndege Manda, Mahdi ameshawapigia simu mara kadhaa kuwasumbua. Wacha niirudie Alhamisi ile, sijaimaliza.

Tulipotulia, mabingwa wangu walikuwa wameshaanza upya. Mahdi asema kwa twita mpya inafaa klasi D, Shekhan asema twita mpya zitakuwa kali, zitahitaji valvu ya kuzituliza. Walikuwa wanapayuka, na Jeilani yuko katikati yao, mgongo ameupa pazia, anacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mfungo.

Mimi nilikuwa nimerudi ndani. Bi Mwanaarabu akaingia nyuma yangu na buli la kahawa. Akamimina kikombe, akaja akasimama karibu na pazia, ubavuni pangu. Nikaona anavyokishika, kwa mikono miwili, na nikajua anachotaka kufanya. Nikazuia pumzi. Nikazishika na bangili zangu.

Akasema polepole, midomo ikigusa kitambaa, kwa sauti ambayo mimi niliyekuwa ubavuni nilisikia nusu yake tu.

"Mwalimu, kahawa i tayari."

Huko nje kelele ziliendelea, valvu, klasi D, valvu. Halafu zikakatika, maana Jeilani alikuwa ameinua kidole kuwanyamazisha.

"Naja, mama," akasema.

Bibi aliliachia pazia. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akalia kwa sauti kubwa, na hakujali nani anasikia huko nje. Nikakipokea kikombe asikimwage. Jeilani akaingia, akaketi karibu naye, akakitwaa mkononi mwangu, akakinywa na moshi wake unatoka.